Mtungi wa Mwisho wa Mwanatumu

Msambweni,
6 Machi 1954

Kwa binti yangu Mwanarusi, Mkongani.

Assalaam alaikum. Natumai wewe na mumeo Chande mko wazima, na mihogo yenu haijaliwa na nguruwe. Mimi sijambo, ila homa iliyonilaza mwezi wa Desemba iliondoka na nyama zangu na mpaka leo haijazirudisha. Shangazi yako Dama, ndiye anipikiaye siku hizi, anakusalimu sana. Chakula chake hakina ladha hata kidogo, maskini, na ukimwambia anakuja juu.

Najua utashangaa kuuona mwandiko huu. Tangu siku ya arobaini ya mama yako, mwaka juzi, ulipoondoka hapa bila kunipa mkono, sijakuandikia wala hujaniandikia. Usidhani nimeanza mimi ili niombe radhi. Nimeanza kwa sababu kuna habari ambayo ni haki yako kuijua.

Nimeufungua mtungi wa mama yako.

Ndiyo, ule ule. Ule wa tumbaku ya kiko aliyoichanganya kwa mikono yake kabla hajaugua, akauziba kwa nta, tukaufukia mchangani mpaka shingoni, nyuma ya mlango. Siku ile ya arobaini ulitaka tuufungue wazee wavute, nikakataa. Ukaniambia mbele ya watu, "Baba, mama hayumo mtungini." Neno hilo nimelala nalo miaka miwili, na si godoro zuri.

Jumatano nilimwota. Amekaa mkekani anachambua majani, amenipa mgongo. Nikamwita, hakugeuka. Nilipoamka nikapasua nta, peke yangu, sikumwita mgeni kama ilivyo ada yake. Nikaingiza uso wangu wote mtungini.

Mwanarusi, hamna kitu. Majani ni meusi, laini, mazuri kwa macho, lakini hayana harufu yoyote. Nikajaza kiko nikavuta, nikapata moshi wa moto mtupu. Nimeilaza mno. Tumbaku ya mama yako imekufa, na mimi ndiye niliyeiua kwa ubishi wangu.

Basi umeshinda, furahi. Nakufungia kidogo kitambaani ujionee. Iliyobaki nitaizika chini ya mndimu Ijumaa ya tarehe 2 Aprili, baada ya sala, itakapotimia miaka miwili tangu tumzike mwenyewe. Kilichokufa hakikai ndani ya nyumba.

Ni mimi baba yako,
Matano


Mkongani,
13 Machi 1954

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo ya leo na shikamoo zote za miaka miwili, zipokee kwa pamoja. Sisi ni wazima. Mihogo nguruwe wamekwisha kuila, umechelewa kutuombea. Mpe salamu shangazi Dama, na umsamehe kidogo.

Nina mimba, baba, inaingia mwezi wa sita. Ningekuja mwenyewe leo hii, lakini mkunga amenikataza kupanda basi. Mwaka jana ilitoka moja, ambayo hukuijua. Siku ile nilikutaka sana, na sikujua nianze vipi kukuandikia.

Sasa nikupe habari ya kitambaa. Shutu, dereva wa basi, alikishika kwa vidole viwili akaniambia, "Dada, tangu Matuga abiria wananiuliza nimebeba nini, na mimi mwenyewe sijui niwajibu nini." Nikafungua fundo. Baba! Chande alikuwa barazani anafunga jembe mpini, na wajua yeye havuti. Aliacha jembe akaingia ndani akasimama tu. "Nani amekuja?" akaniuliza.

Hivyo ndivyo ilivyo. Mtu akiisikia harufu hii hudhani amekuja mtu.

Usiku nililala nayo chini ya mto. Nikaota nina miaka saba, mama ananishika kisogo ananiinamisha juu ya mtungi, kama alivyokuwa akifanya. "Nusa. Wasema nini?" Wakumbuka? Wiki ya kwanza nilikuwa nikimwambia yanagombana. Jani la Mkongani linachoma pua, jani la mchanga wa kwetu halisikiki, sukari guru imekaa pembeni peke yake kama mke mdogo. Mwezi mmoja, yanaanza kusalimiana. Miezi mitatu, huwezi tena kujua nani ni nani, na ukali wote umegeuka utamu wa nyuma ya koo. Hapo ndipo alipokuwa akiuza. Miaka miwili hakuwahi kuilaza hata yeye. Hakuna aliyewahi.

Usiizike, baba. Nakusihi. Na nifanyie jambo moja. Nimekufungia vifurushi vitatu, uzi mwekundu, mweupe na mweusi. Usivifungue, vinuse tu, kisha uniambie kila kimoja kina nini.

Mwanao,
Mwanarusi


Msambweni,
22 Machi 1954

Kwa binti yangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Mwenyezi Mungu akuvushe salama. Kwa hiyo iliyotoka mwaka jana nimeingia ndani nikafunga mlango. Hukunitendea haki kunificha, nami sikukutendea haki nikawa mtu wa kufichwa. Yaishe hapo.

Sasa tuje kwenye mzaha wako. Mzee mzima nimekaa barazani nanusa vifurushi vitatu, uzi mwekundu, mweupe, mweusi, mwenzangu Tembo ananitazama kana kwamba nimepagawa. Havina kitu! Umenifungia hewa ya Mkongani. Tena Tembo, nilipompa cha uzi mweusi, alikunja uso akanirudishia, akaniuliza mwanangu ana ugomvi gani nami. Hata yeye ameona ni utovu wa adabu.

Unasema tumbaku inanukia. Mwanangu, pua ya mwenye mimba naijua. Mama yako alipokuwa na mimba yako, alikuwa akikaa hapa akisema anasikia harufu ya mvua inyeshayo Pemba. Nilimwitikia tu, kwa ajili ya amani ya nyumba.

Dunia ya siku hizi imeishiwa harufu, hilo ndilo. Udi wa dukani ni vijiti vya mpunga. Juzi maharagwe yaliungua jikoni, nami nimekaa mlangoni pale pale, Dama akaja mbio kutoka kisimani anapiga kelele kama nyumba inateketea. Hata maharagwe hayaungui tena kama zamani.

Ijumaa ya tarehe 2 iko pale pale. Shimo nimekwisha kulichimba.

Baba yako,
Matano


Mkongani,
29 Machi 1954

Baba yangu,

Shikamoo. Leo nitafupisha salamu, unisamehe. Sisi ni wazima. Barua hii namkabidhi Shutu akupe mkononi kabla ya Ijumaa, maana posta itachelewa.

Uzi mwekundu ulikuwa karafuu nilizozitwanga asubuhi ile ile. Uzi mweupe ulikuwa kitunguu thaumu. Uzi mweusi, baba, ulikuwa kitambaa nilichokichovya mafuta ya taa. Ndiyo maana Tembo alikunja uso.

Nimelia kabla ya kuandika haya, na ninalia ninapoyaandika, lakini nikinyamaza utazika kitu kizima. Tumbaku haikufa. Ni pua yako. Homa ile ya Desemba iliondoka na nyama na ikaondoka nayo. Shangazi Dama hajasahau chumvi hata siku moja. Maharagwe yaliungua vile vile kama zamani.

Na kuna neno jingine, gumu kwangu kuliko hilo. Nilikutukana siku ya arobaini, na nilikosa. Lau tungeufungua siku ile, wazee wangevuta tumbaku ya miezi miwili, nzuri, wakasema "Mungu amrehemu" wakaenda zao. Ukaulinda wewe, kwa ubishi wako, na sasa humo ndani mna kitu ambacho mama mwenyewe hakukijua. Nilisema hayumo mtungini. Nimeifungua ile chembe uliyoniletea, na sijui tena nilikuwa nasema nini.

Usiizike baba yangu. Kama hunisadiki mimi, mwite Tembo ainuse.

Mwanao akupendaye,
Mwanarusi


Msambweni,
8 Mei 1954, mwezi wa Ramadhani

Mwanangu Mwanarusi,

Assalaam alaikum warahmatullah. Nakutakia saumu njema, ingawa wewe na mzigo wako hamlazimiki, msijitie ushujaa. Barua hii imelala mikononi mwangu wiki tano. Najisingizia mvua na mto Mkurumuji uliofunika daraja lenu, lakini ukweli ni huu, niliona haya.

Barua yako Shutu alinipa Alhamisi. Niliitia mfukoni mwa koti bila kuifungua. Nilijua utanibembeleza, na nilikwisha kata shauri.

Ijumaa baada ya sala nikauchukua mtungi nikautoa nje, nikaanza kumwaga shimoni, konzi baada ya konzi. Ikadondoka mvua, ile ya kwanza ya masika, matone makubwa ya hapa na pale. Nami naendelea. Nilipoinua macho, njia nzima imejaa watu. Wametoka msikitini wamesimama, mvua inawanyeshea na kanzu zao nyeupe, hakuna hata mmoja anayejisitiri. Wengine wamefumba macho. Tembo analia waziwazi, mzee yule na meno yake mawili. Akaniambia, "Matano, huyu si Mwanatumu? Unamfanya nini Mwanatumu?"

Watu wote walikuwa naye, mwanangu. Njia nzima. Mimi peke yangu, mumewe, nimesimama katikati na mikono yangu imejaa, sipati kitu.

Hapo ndipo nilipoitoa barua yako mfukoni nikaisoma mvuani. Nikaingia jikoni nikaponda kitunguu. Macho yalitoka machozi, pua haikujua habari. Nikakaa chini.

Sehemu kubwa ililowa ikaharibika. Ya kuokoa ni kiasi cha konzi mbili, iliyobaki chini ya mtungi. Ndiyo yote. Kwa sababu mzee mmoja hakutaka kusoma barua ya mtoto wake.

Nina haja mbili kwako. Ya kwanza, niambie nizifanyeje hizo konzi mbili. Ya pili naona aibu kuiandika. Niandikie ile harufu. Usiniambie ni nzuri, hilo nimelijua. Niandikie ilivyo.

Baba yako,
Matano


Mkongani,
20 Mei 1954

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo. Daraja limeonekana tena, Shutu amepita leo. Mimi nimekuwa mzito, nalala kwa ubavu, lakini afya ninayo. Usijilaumu zaidi ya hapo. Mama angekucheka kwanza, kisha angekuuliza mtungi umevunjika au mzima.

Haja ya kwanza. Hizo konzi mbili zitakuwa chachu. Namtuma Shutu na mzigo wa jani letu la Mkongani, limekaushwa kivulini. Wewe tafuta lile jepesi la mchanga, kiasi cha mara mbili yake. Yayushe sukari guru kwa maji ya uvuguvugu, unyunyize kwa vidole kama unavyonyunyizia nguo za kupiga pasi, usimwage. Changanya na zile konzi mbili, jaza mtungini, shindilia kidogo tu, ziba kwa nta. Na usichungulie! Kila ukifungua unaurudisha nyuma siku saba, wajua alivyokuwa akitupigia kelele. Ila kwa sababu mimi siwezi kuja na wewe huwezi kunusa, fanya hivi: weka karatasi mbili tupu juu ya majani kabla hujaziba. Mwisho wa Julai toa moja upesi, uniandikie juu yake. Nitajua hali.

Haja ya pili.

Kwanza huisikii. Unadhani pua imekosa. Halafu inakuja kama nguo za idi zikitolewa sandukuni, ule ubaridi wa kitu kilichotunzwa. Nyuma yake kuna zabibu kavu. Nyuma yake kuna mkate wa mofa pale unapobanduliwa, upande ulioungua kidogo. Ukali upo, lakini haupigi, uko mbali, kama mtu anayegomba nyumba ya tatu. Kisha kuna kitu ambacho sikupata jina lake siku tatu, nikalipata nilipokuwa nafua. Ni shingo ya mama, baba, hapa nyuma ya sikio, saa ya alasiri akiwa amekaa na majani tangu asubuhi, jasho na mafuta ya nazi na tumbaku. Nilikuwa nikilala hapo mgongoni mwake. Nadhani nawe wapajua.

Na mwisho wake haikati. Unaondoka, unakwenda kuchota maji, unarudi, bado ipo, inakungojea.

Ndivyo ilivyo.

Mwanao,
Mwanarusi


Msambweni,
31 Julai 1954

Mwanangu,

Salaam nyingi, kwako na kwa mgeni. Kwa hiyo ni binti, na mmempa jina la bibi yake bila kuniuliza! Mmefanya vyema. Dama amepiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mwambie Chande amjengee mtoto kitanda, aache kupiga soga na jembe.

Nilifanya kila ulilosema. Mtungi ulilala tarehe 6 Juni, baada ya idi, na leo nimechomoa karatasi hii kwa haraka ya mwizi. Nilifumba macho nisije nikatamani.

Barua yako ya mwezi wa tano naisoma kila baada ya isha. Ule ukurasa wa shingo nilimpa Tembo asome, nikamnyang'anya kabla hajafika mwisho. Hayamhusu.

Wasema nini?

Baba yako,
Matano


Mkongani,
9 Agosti 1954

Baba,

Shikamoo. Mtoto mzima, ananyonya na kuguna kama wewe ukivuta kiko. Mimi mzima.

Nimeinusa karatasi yako asubuhi, mchana na jioni. Jani la Mkongani bado linajidai. Sukari guru imeanza kuingia, lakini juu juu. Mama simpati. Pembezoni mwa karatasi, pale ilipokunjika, kuna kitu kidogo sana, sitaki kukudanganya, huenda ni hamu yangu tu.

Na kama hatarudi, baba, tumbaku nzuri utapata, ya kuuzika. Yeye ndiye siwezi kukuahidi.

Ziba. Ngoja.

Mwanao,
Mwanarusi


Msambweni,
16 Oktoba 1954

Mwanangu Mwanarusi,

Assalaam alaikum. Natumai nyote mmeamka salama. Mimi ni mzima wa mwili, na pua ni ile ile. Dakitari wa hospitali ameitazama kwa tochi akaniambia wengine hurudi na wengine hawarudi. Nimemwambia ahsante.

Leo nimeitoa karatasi ya pili. Imelala miezi minne na siku kumi. Nimekaa nayo magotini tangu alfajiri nikijaribu. Naiona imegeuka rangi kidogo, kama chai. Naishika, ni laini. Zaidi ya hapo ni karatasi. Tembo alitaka kuja kuinusa, nikamfungia mlango, nikamwambia hii ina mwenyewe.

Nimefikiri sana, na nataka nikwambie kabla hujajibu. Nilidhani naulinda ule mtungi kwa ajili ya mama yako. Kumbe niliogopa. Maana ukishafunguliwa ukavutwa, ndiyo basi, hakuna tena mkono wake duniani. Sasa hivi nina hofu ile ile. Ukiniambia hayumo, nitasadiki, sitabishana. Nitauza tumbaku nitakula. Lakini niambie wewe, asiniambie mwingine.

Usome taratibu. Usifunue upesi.

Wasema nini, mwanangu?

Baba yako,
Matano


Mkongani,
20 Oktoba 1954

Baba yangu,

Shikamoo. Shutu ameileta barua yako mwenyewe mpaka mlangoni. Alinipa akabaki amesimama, ameivua kofia.

Sijamaliza kuisoma. Nilipoikunjua, Mwanatumu mdogo alikuwa ananyonya. Ameachia ziwa, akageuza uso kuielekea karatasi, akatulia, maziwa yanamtiririka kidevuni. Hajawahi kumwona bibi yake. Nikaisogeza mbali, akaifuata kwa shingo.

Si ile ile, baba. Ile ya zamani ilikuwa nzito, hii ni nyepesi, ina mchanga wa kwetu mwingi na mkono wako umo, umezidisha sukari guru. Lakini nyuma ya sikio, pale pale, yupo.

Usiufungue. Usimwite Tembo wala mtu yeyote. Ada ya mama ni mtungi kufunguliwa mbele ya mgeni, na wageni wako ni wawili, tunashuka na basi Jumamosi. Tandika mkeka nyuma ya mlango. Safisha kiko chako.

Nitakaa karibu na sikio lako. Wewe vuta, mimi nitasema.

Mwanao,
Mwanarusi